Waliovaa Koti la Shangazi

Shangazi yangu husoma gazeti kuanzia nyuma. Habari za mbele anasema ni za watu wanaotafuta kuonekana, na za michezo hazimhusu. Yeye hufungua moja kwa moja ukurasa wa tanzia, akavaa miwani, akainamia meza, na ukimsemesha hapo hupati jibu. Nimeishi naye tangu baba yangu, yaani kaka yake, alipofariki, na kwa muda mrefu nilidhani ni mambo ya uzee tu. Mimi nauza dawa kaunta, nashinda na wagonjwa kutwa nzima. Nikirudi nyumbani sitaki kukuta maiti mezani. Nilimwambia hivyo waziwazi. Akanijibu kwamba maiti wake angalau hawakohoi.

Ili umwelewe, lazima ujue alikotoka. Enzi zake Shangazi alikuwa mfanyakazi wa studio ya picha, ile ya picha ndogo za vitambulisho na za pasi za kusafiria. Mpiga picha alikuwa mzee mmoja asiyependa maneno, muda wote yuko chumba cha giza anasafisha filamu. Wateja walikuwa wa Shangazi. Alikuwa na kiti cha kuzunguka, pazia la buluu, kioo kilichopasuka pembeni, chanuo, kopo la poda, na koti. Koti lenyewe lilikuwa la kijivu, kola pana, vifungo vya kahawia isipokuwa cha juu, ambacho kilipotea akashona cheusi. Mteja aliyekuja na shati lililochoka aliazimwa koti. Likimpwaya, Shangazi alilikusanya kwa nyuma akalibana na vibanio vya kuanikia nguo. Likimbana, alilipasua mshono wa mgongoni kwa wembe, jioni akaushona tena. Kamera haioni mgongo, ndivyo alivyowaambia, na watu wakakaa wima wakiwa nusu mabosi, nusu nguo za kuanika. Mtaani wakamwita Bi Koti.

Sasa, mtu akifa, nyumba nzima hutafuta picha nzuri ya kupeleka gazetini. Zile za harusi amekaa na wengine, za simu zina vidole vya mpigaji, na mwishowe mtu anafungua mkoba wa marehemu na kukuta picha ndogo ya zamani, ametulia, amevaa koti. Basi ndiyo hiyo. Studio ilishafungwa zamani, mzee wa chumba cha giza naye ameshaondoka, lakini kila baada ya muda koti lile hutokea gazetini likiwa limevaliwa na mtu mwingine. Ukilitazama sana utaona kifungo cha juu kimekolea kuliko wenzake. Mimi nilioneshwa mara moja, na tangu hapo macho yangu hayawezi kuliruka.

Shangazi alikuwa akiwakumbuka. Si wote, lakini wengi. Kulikuwa na kijana mmoja wa masikio makubwa aliyekuja kupiga picha ya pasi, akasema anakwenda ng'ambo kusomea urubani, akaahidi kumletea Bi Koti manukato. Tanzia yake ilisema alikuwa mlinzi mstaafu wa ghala la mbao, hakuoa, na ameacha mama mzazi. Kulikuwa na mwanamke aliyecheka mpaka filamu mbili zikaharibika, siku aliyopata kazi yake ya kwanza. Tangazo lake liliwashukuru manesi wa wodi, na baada ya manesi hakuna mwingine. Shangazi akaniambia kwamba wakishukuriwa manesi peke yao, ujue ndugu hawakufika. Na mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa heshima zake, tangazo lilitolewa na wapangaji wenzake, na jina la baba yake walikuwa hawalijui, wakaacha nafasi.

Nilikuwa namuuliza anapata faida gani kujichoma roho asubuhi asubuhi. Siku nyingine alisema anawaaga, siku nyingine alisema mimi nina maswali kama askari. Nikaacha, nikaliita jambo lile ugonjwa wake mdogo usio na dawa kwenye kaunta yangu.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi sare yangu, nikasikia ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Hajawahi kukosea namna hiyo. Nikaenda, nikamkuta ameweka kidole juu ya picha. Picha ilikuwa ya msichana. Nywele zimesukwa na kuvutwa nyuma, midomo imebanwa kama ya mtu aliyeambiwa asicheke, na koti, na kifungo cheusi.

"Ni nani?" nikauliza.

"Kitinda," akasema.

Kitinda nilimjua kwa minong'ono tu. Alikuwa kitinda mimba wa babu yangu, mdogo wake Shangazi, na jina hilo la utani ndilo pekee lililobaki nyumbani, tena la kusemwa milango imefungwa. Kabla sijazaliwa alimpenda dereva wa malori, mtu mzima aliyeachana na mke, na babu akasema huyo hakanyagi kizingiti chake. Kitinda akaondoka. Siku aliyoondoka alipitia studio kupiga picha ya kitambulisho, Shangazi akamvalisha koti, akambana vibanio, wala hakumuuliza kitambulisho ni cha kwendea wapi. Alijua, ila alijifanya hajui. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumtia machoni.

Nikalisoma tangazo kwa sauti, na kila mstari ulituvuruga zaidi ya ule wa kabla yake. Jina silo, Shangazi akasema. Si la kwanza wala la baba. Marehemu, lilisema, alizaliwa mji mwingine kabisa, mji ambao kwetu hakuna aliyewahi kufika. Alikuwa yatima tangu utotoni, hakuwa na ndugu. Alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, ameacha watoto watatu na wajukuu. Maziko ni leo alasiri, yataanzia nyumbani kwa marehemu. Na nyumbani kwa marehemu palikuwa hapahapa mjini, mtaa ambao mimi hupita nikienda kuchukua dawa bohari. Pengine nimeshapishana naye, pengine nimeshamuuzia vidonge vya kichwa.

"Bahasha zilichanganyika," Shangazi akasema ghafla, na uso ukamnawiri. Akaanza kunieleza jinsi mzee wa chumba cha giza alivyokuwa akichanganya bahasha. Kwamba kuna askari aliwahi kuondoka na picha za muuza samaki, akazibandika kwenye fomu, na zikapita. Basi huyu marehemu, maskini, alichukua bahasha ya Kitinda kwa makosa, na Kitinda mwenyewe yuko hai mahali fulani na picha za mtu mwingine.

Nikamuuliza kama watoto watatu wa marehemu hawaijui sura ya mama yao. Akasema picha ni ya ujanani, watu hubadilika. Nikasema mtu habadiliki akawa mtu mwingine. Akasema mimi sikuwahi kufanya kazi studio. Tukabishana hivyo mpaka pasi ikaunguza kola ya sare, na jambo la ajabu likatokea: nilipomaliza kuzima pasi, Shangazi alikuwa ameshakubali kwamba ni Kitinda, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini habari ya bahasha. Maana kama ni yeye, lile neno yatima lilitoka wapi? Mtu ana baba, ana kaka, ana dada aliyemvalisha koti kwa mkono wake, anawaambiaje watoto wake kwamba hana mtu? Nilimuuliza Shangazi swali hilo. Aliingia chumbani akavaa gauni lake la heshima, akatoka, akasema niite teksi.

Tulikuwa tumekaa viti vya nyuma, dereva amefungua redio kwa sauti ya chini, Shangazi akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Babu alipofariki, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, tangazo la gazetini aliliandika baba yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alipofika kwenye orodha ya watoto alikwama. Wageni wangekuja kutoka kila upande, na kila mmoja angeuliza yuko wapi yule mdogo, mbona hakuja kumzika baba yake. Baba akaona aibu hiyo haibebeki.

"Akaandika 'marehemu' mbele ya jina lake," Shangazi akasema.

"Alikuwa amesikia kwamba amekufa?"

"Hakusikia chochote. Alitaka tu wasiulize."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi ndiye niliyelipeleka gazetini. Karani akanisomea, akaniuliza kama liko sawa. Nikamwambia liko sawa."

Baba yangu nilimjua kama mtu mpole, mtu wa kumtoa mjusi nje kwa ufagio badala ya kumpiga, na mtu huyohuyo alikaa mezani akamuua dada yake kwa kalamu ili asisumbuliwe na wageni. Nilitaka awe hai kwa nusu saa tu, nimgombeze, kisha arudi alikokuwa. Shangazi nilishindwa hata kumkasirikia vizuri, maana alikuwa amejikunja pembeni ya kiti kama mzigo uliosahauliwa. Akasema baada ya hapo hakuna siku aliyoacha kusoma tanzia. Asipomwona Kitinda anashukuru, na hapohapo anaumia, kwa sababu ni siku nyingine imepita bila kujua. Hajui alikuwa anaomba nini. Wala leo hajui. Alichojua ni kimoja, na alikisema wazi: kama ni mdogo wake, anataka kumzika kama ndugu, asimame wanaposimama ndugu, si kama mpita njia aliyeona turubai akaingia.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu kwenye ua wa saruji, turubai limefungwa kwenye mti wa simu, viti vya plastiki vimepangwa. Tulipofika langoni, mama mmoja jirani, ndiye aliyekuwa anapanga watu, akatuuliza sisi ni wa upande gani. Upande wa mume wa marehemu ni ndani, wageni ni hapa nje. Nikauliza, kwa kujikausha, upande wa marehemu mwenyewe wanakaa wapi. Akanitazama kama niliyeuliza mlango wa dirisha.

"Yeye hakuwa na upande," akasema. "Alikuwa peke yake, maskini."

Shangazi akafungua mdomo, nikamuwahi. Sijui nini kilinipata. Nilisema sisi ni wateja, alitushonea sare. Sina mtoto, Shangazi hajazaa, sare za nani sijui, lakini jirani aliridhika akatupeleka viti vya nyuma. Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo bado nalikumbuka. Nikamnong'oneza kwamba hatuna uhakika, kwamba haifai kuleta habari ya bahasha msibani kwa watu, tuangalie kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Tukaangalia. Mezani palikuwa na picha ileile ya gazetini, imekuzwa mpaka ikawa na vumbivumbi. Hapakuwa na nyingine. Jirani wa kiti cha mbele alisema marehemu hakupenda kupigwa picha hata ya harusi za watoto wake, hiyo moja ndiyo aliyoitunza. Akasema pia kwamba alikuwa na mkono mwepesi kwenye cherehani na mkali kwa watoto wavivu, na kwamba alipenda uji usio na sukari. Shangazi akanigeukia haraka. Kitinda hakuweza kunywa uji bila sukari, alikuwa akilia. Basi siye. Halafu jirani akasema marehemu alipokuwa anashona alikuwa na tabia ya kusugua sikio la kushoto, mpaka hereni zikawa zinapotea. Shangazi akashika sikio lake mwenyewe. Basi ndiye. Nilikuwa natamani mtu asimame aseme moja, lolote, nipumue.

Kisha mlango ukafunguliwa, na paji la uso la baba yangu likatoka nje likiwa limefungwa mtandio. Sina namna nyingine ya kueleza. Lilikuwa paji lilelile, pana, lenye mkunjo mmoja katikati, na chini yake macho ya Shangazi, na mwendo wa Shangazi wa kutupa mguu wa kulia. Alikuwa binti mkubwa wa marehemu, mtu wa rika langu. Habari ya bahasha ikafa hapo. Nilijisikia nimepata ndugu na kufiwa kwa pumzi moja, na sikujua nianze na lipi, nilie au nitabasamu, nikabaki nimetoa macho.

Binti alikuwa anapita kwenye viti kuwashukuru watu kwa kuja. Alipofika kwetu, Shangazi aliushika mkono wake akashindwa kuuachia. Binti alisubiri kwa adabu. Mkono haukuachiwa.

"Mama," akasema, kama unavyomwita mtu mzima usiyemjua, "mlifahamiana wapi na mama yetu?"

Nikamkanyaga Shangazi mguu. Sijui nilikuwa namwambia sema au nyamaza.

"Ni mdogo wangu," Shangazi akasema. "Tumbo moja."

Watu wa viti vya jirani wakageuka. Nilijiandaa kufukuzwa, nilishaanza hata kutafuta mkoba wangu chini ya kiti. Binti alimtazama Shangazi usoni, akashuka kwenye sikio, akarudi usoni, na ule mkunjo wa katikati ya paji ukazidi kuzama.

"Mama alikuwa na dada mmoja," akasema polepole. "Lakini alikufa."

"Alikufa lini?"

Binti akavuta kiti akakaa. Akatueleza. Alikuwa mdogo, hajaanza shule. Siku moja mama yake alirudi kutoka kununua nyuzi akiwa na gazeti mkononi. Hakulifunga wala kulifungua, alilishika tu. Akakaa sakafuni karibu na cherehani, na mumewe alipomuuliza kuna nini akasema dada yake amefariki. Majirani wakaja kumpa pole, wakamkalia matanga. Hakushona wiki nzima, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Walipomuuliza habari za wazazi wake alisema hao walikufa zamani, wasimuulize. Aliyemlilia alikuwa dada. Baada ya hapo akawa anawasimulia: dada yake alivyokuwa akimsuka nywele bila kumuumiza, alivyomfichia makosa kwa baba yao, alivyomtilia sukari ya wizi kwenye uji.

Nilielewa, na nikatamani nisingeelewa. Gazeti lile lilikuwa na tanzia ya babu. Kitinda alisoma kwamba baba yake amekufa, akashuka kwenye orodha ya watoto, akajikuta yeye mwenyewe ni marehemu, na chini ya jina lake, au juu, dada yake yuko hai na amekubali. Sasa ningesema alilipiza, lakini hivyo sivyo mtu anavyolipiza, wiki nzima sakafuni. Wala sijui niseme nini badala yake. Hata leo nikilifikiria nafika mahali fulani, nachanganyikiwa, naliacha.

Shangazi hakulia. Nilidhani atamweleza binti yule yote, karani na kalamu na baba yangu, na kwa kweli nilitaka amweleze, maana nilikuwa nimechoka na mambo yaliyofunikwa. Mkono wa binti alikuwa bado ameushika.

"Alisema nilikufa na nini?" akauliza.

Binti akamtazama. Nadhani hapo ndipo alipoamini, kwa sababu machozi yalianza kumtoka na hakuyafuta. Nyuma yetu yule jirani mpanga watu alikuwa ananong'ona na mwenzake, nikasikia neno sare likitajwa.

"Homa," binti akasema. "Homa ya ghafla, mama mkubwa. Alisema ulikuwa unamwita yeye mpaka mwisho, na yeye hakuwepo."

Shangazi akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayesomewa tangazo na kuulizwa kama liko sawa.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwita."